Juu Iko Wapi

Picha ililetwa Jumanne, imefungwa kwa shuka la hospitali.
Nikaitandaza mezani, hapa Magomeni Mapipa,
nikaizungusha mara nne
kama mgeni atafutaye kibla.
Fundi wa fremu halazimiki kuelewa.
Anataka urefu, upana, aina ya mbao,
na jambo moja la ziada: juu iko wapi,
ajue pa kukazia ndoano.

Edeltruda aliacha namba ya simu na malipo ya awali.
Simu haikupatikana.
"Ni ajali," alisema Shomvi, kijana wangu wa kukata vioo.
"Gari la vyombo limepinduka."
Kweli: birika lilitoa mdomo ubavuni,
lakini mfuniko ulionekana kutoka juu, duara kamili,
na kitako chake, cheusi kwa masizi,
nacho kilikuwa hapo hapo, bila haya.
Limau lilikuwa nusu, tena zima.
Kisu kilianzia kwenye kahawia, kikaishia kwenye buluu,
katikati hakipo.
Gazeti lilibakiwa na herufi tatu, UHU,
Shomvi akalimalizia: "Uhuru."
Mimi nikasema, huenda ni uhuni.

Mwalimu wa chuo, aliyefuata cheti chake,
akatuambia mtindo huo una jina: ukubisti.
Akakunja mikono, akarudi nyuma hatua tatu,
akakanyaga gundi.
Jina halikunisaidia. Jina halina juu wala chini.

Usiku umeme ulikatika, nikabaki nayo kwa tochi ya simu.
Ndipo nilipoona kosa langu.
Nilikuwa natafuta mahali aliposimama mchoraji,
kama picha ya pasipoti: kaa hapo, usipumue.
Huyu hakukaa. Huyu aliizunguka meza,
akawa anarudi na alichokiona,
anakipachika bila kubandua cha jana.
Nikamkumbuka mama akisimulia ugomvi:
anaanza na neno la mwisho, anarukia harusini,
anarudi kwenye sahani iliyovunjika,
anakuuliza kama chai imepoa,
na ukivumilia utaijua nyumba ile
kuliko jirani aliyechungulia dirishani.

Siku ya nne Edeltruda akaja.
Nikamwuliza. Hakujibu. Aliinama
akagusa kona ya kijivu tuliyodhani ni ukuta,
penye alama nyeupe kama ya chaki: K7.
"Hii ni chini ya meza," alisema.
"Fundi wa Keko aliandika, hakufuta.
Nilikuwa najificha humo wakianza kupigiana kelele.
Sikujua kama baba aliwahi kuinama."

Shomvi akazima mashine.
Nilikuwa na skrubu mbili mdomoni,
nashukuru, maana ningesema kitu.

Akaendelea kuisoma kwa kidole, taratibu,
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo.
Ubavu wa birika: hapo alikaa mama.
Mfuniko, lile duara: "Hapo baba keshasimama.
Huoni mfuniko hivyo ukiwa umekaa.
Alikuwa anaondoka."
Limau hakulitambua. Kisu alikiruka.

"Sasa juu iko wapi, dada?" Kazi ni kazi.
Akaizungusha mwenyewe, mara nne, kama mimi.
"Usitie ndoano. Tia kioo kinene.
Nataka iwe na miguu."
Miguu sisi hatutengenezi. Nikamwelekeza Keko,
nikamtajia fundi asiyependa chaki.
"Hapana," akasema. "Nipe anayeandika."

Aliondoka nayo kwenye bajaji, imelazwa mapajani
kama sinia la pilau la kupeleka msibani.
Ndoano nikazirudisha koponi.

Jioni, wakati wa kufunga, nilimkuta Shomvi
amelala chali chini ya meza ya kukatia vioo,
macho wazi.
Anasema kuna kipande kimedondoka.